Kabati la Bibi Halitupwi: Historia ya Fenicha za Kurithi na Kopo la Rangi, Kuanzia Mabatini

Siku hizi huwezi kushika simu dakika kumi bila kukutana na ile video. Unaijua tu. Dada mmoja asiyetaja jina anavuta kabati chakavu hadi katikati ya sebule. Anapiga msasa, anafuta vumbi, anapaka rangi ya kijani iliyopoa, anabadilisha vishikio, na ndani ya sekunde 40 kabati limekuwa la mjini. Halafu watu wanaandika: "Jamani Wazungu wana ubunifu!"

Ubunifu upo, hakuna anayebisha. Ila kusema ni wa Wazungu peke yao ndipo shida inapoanza. Panda kilima cha Mabatini pale Mwanza, chungulia kwenye sebule tatu nne, utakuta makabati, stuli na vitanda vilivyopakwa rangi kabla hata TikTok haijazaliwa. Tofauti ni moja: huku hakuna aliyepaka ili apate wafuasi. Walipaka kwa sababu kabati lilikuwa moja, pesa haikuwepo, na mgeni alikuwa njiani.

Mtaa wenye jina la bati

Kwa ambaye hajafika: Mabatini ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kando ya Barabara ya Nyerere ukitoka katikati ya jiji kuelekea Buzuruga. Chini unapita mto Mirongo ukienda kumwaga maji Ziwa Victoria. Juu ni yale mawe makubwa yaliyoipa Mwanza jina la Rock City, na nyumba zimeketi juu ya mawe kana kwamba zimebandikwa kwa gundi.

Jina lenyewe linajieleza: mabati. Na katikati ya mji kuna Makoroboi, sehemu iliyopata jina kwa mafundi waliokuwa wakigeuza makopo na vyuma chakavu kuwa koroboi za kuwashia mafuta ya taa. Mji ambao mitaa yake inaitwa kwa bati na koroboi, utaufundisha nini kuhusu kugeuza cha zamani kuwa kipya?

Kuna na jambo la jiografia ambalo watu wa tambarare hawalifikirii. Nyumba nyingi za kule juu hazifikiwi na gari. Kuna njia ya miguu, ngazi za mawe, na kona ambazo hata ndoo ya maji inapita kwa adabu. Kabati la mbao ngumu likipanda kule, limepanda kwa mabega ya vijana wanne wenye jasho na matusi madogo madogo. Likishafika juu, nani atalishusha? Kwa hiyo linakaa. Baba anakufa linabaki, mama anazeeka linabaki, watoto wanaoa linabaki. Kurithi fenicha kilimani hakuanzi na mapenzi ya vitu vya kale. Kunaanza na ugumu wa kubeba.

Kabla ya kabati kulikuwa na kigoda

Turudi nyuma kidogo. Kwa Wasukuma wa zamani nyumba haikuwa na seti ya sebuleni. Kulikuwa na kigoda kilichochongwa kwa gogo moja, ngozi ya kulalia, vyungu na vibuyu. Kigoda hakikuwa kitu cha mchezo. Ukienda Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, utakuta jengo zima lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi cha mtemi. Yaani kiti kilikuwa na uzito wa kutosha kuwa nyumba.

Kule pwani mambo yalikuwa mengine. Matajiri wa Zanzibar walilala kwenye samadari, vitanda virefu vya kupandia ngazi ndogo, vyenye vioo vilivyochorwa maua na ndege kwa rangi. Vingi vililetwa kutoka India kwa jahazi. Kwa hiyo rangi kwenye samani ni habari ya zamani sana upande huu wa dunia. Iliingia kwa biashara ya bahari, ikakaa vyumbani mwa wenye nazo.

Mwanza ilipataje kabati? Kwa njia mbili: maji na reli. Wajerumani waliweka kituo chao hapa mwaka 1892. Mwaka 1901 reli ya kutoka Mombasa ikafika Kisumu, na kutoka hapo meli zikaanza kuleta bidhaa mpaka bandari za ziwa. Mwaka 1928 reli ya kutoka Tabora nayo ikaingia Mwanza. Pamoja na reli walikuja mafundi kutoka India, wakiwemo Masingasinga ambao wengi bado wanawaita Makalasinga, watu waliojulikana kote Afrika Mashariki kwa useremala. Vijana wa Kiafrika walioingia kwenye karakana hizo kama vibarua walitoka wakijua kushika randa, kupiga tako la ulimi na kupaka polishi.

Ofisi na nyumba za serikali nazo zilikuwa na samani zake: meza nzito, viti vya mikono, makabati yenye namba iliyopigwa kwa rangi ubavuni. Mpaka leo ukikuta kiti sebuleni kwa mtu kina namba nyeupe isiyofutika vizuri, tabasamu tu. Usiulize kilifikaje.

Pesa ya pamba na heshima ya mninga

Sasa tunafika kwenye kabati la bibi lenyewe. Miaka ya 1950 Usukuma ilikuwa inanuka pamba. Wakulima walijiunga kwenye vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ikaundwa Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa mmoja wa vinara wake. Kwa mara ya kwanza familia nyingi za kawaida zilipata fedha taslimu za msimu. Fedha hiyo ilinunua bati, baiskeli, cherehani, na kwa waliojaliwa, kabati la vyombo.

Kabati la vyombo lilikuwa tangazo. Juu milango ya vioo, ndani vikombe ambavyo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuvigusa, chini milango ya mbao ambamo mama alificha sukari. Juu yake kitambaa cha kufuma. Mgeni akiingia, jicho lake la kwanza linakwenda pale.

Na mbao ya heshima ilikuwa mninga. Mti huu unapatikana sana kwenye misitu ya miombo ya Tabora na Katavi, na reli ilikuwa tayari inaunganisha Tabora na Mwanza. Ukiukata unatoa utomvu mwekundu kama damu. Mbao yake ina rangi ya kahawia yenye michirizi ya dhahabu, haisumbuliwi ovyo na mchwa, na ikikauka vizuri haipindi. Fundi wa wakati ule hakupaka rangi juu ya mninga. Alipaka polishi au vanishi inayoonyesha mbao, akasugua mpaka ukajiona. Rangi ya kopo ilikuwa ya mbao zisizo na jina.

Miaka ya kufunga mkanda

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa. Mwaka 1978 vita ya Kagera ikaanza, na vita ilipoisha nchi ikaambiwa ifunge mkanda. Wazee wakisimulia miaka ile wanaanza na sabuni. Hakuna sabuni, hakuna sukari, khanga ni kwa foleni. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, watu wakaogopa hata kuonekana na katoni ya kitu dukani.

Katika hali hiyo nani ananunua kabati jipya? Hakuna. Fenicha iliyokuwepo ikawa lazima iendelee kuishi. Mguu ukivunjika, unaungwa kwa kipande cha boksi la mzigo. Kioo kikipasuka, kinawekwa plaiwudi. Na kabati lenye viraka vya mbao tatu tofauti haliwezi tena kupakwa vanishi, kwa sababu vanishi haifichi kitu. Hapo ndipo kopo la rangi lilipogeuka mkombozi. Rangi inafunika kiraka, inafunika msumari, inafunika aibu.

Rangi yenyewe haikuchaguliwa. Ulipaka uliyoipata. Ndiyo maana kabati nyingi za zamani zina bluu ya bahari, kijivu au kijani kile kile unachokijua kwenye nusu ya chini ya ukuta wa shule na zahanati. Hakukuwa na mbunifu wa rangi. Kulikuwa na kopo moja lililobaki mahali fulani.

Na usidhani rangi ya mafuta ni kitu cha kudharau. Mwaka 1968 kijana mmoja wa Dar es Salaam, Edward Saidi Tingatinga, alianza kuchora wanyama kwa rangi hiyo hiyo ya kawaida ya dukani, juu ya ubao mwembamba wa kujengea. Alifariki mwaka 1972, lakini staili yake ikabeba jina lake na kuzunguka dunia. Rangi ya kupakia milango na baiskeli ikawa sanaa ya taifa.

Ruksa, televisheni na sofa

Kuanzia mwaka 1984 milango ya biashara ikaanza kufunguka, na mwaka 1985 akaingia Rais Ali Hassan Mwinyi, Mzee Ruksa. Bidhaa zikarudi. Mwanza ikapata na bahati yake nyingine, sangara. Viwanda vya minofu vikafunguliwa miaka ya 1990, pesa ya ziwa ikaanza kuzunguka mjini, na sebule zikaanza kubadilika.

Mwaka 1994 vituo vya televisheni vikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Kabati la vyombo likapata kazi mpya. Watu walitoa rafu ya katikati, wakatoboa tundu la waya nyuma, na televisheni ya mgongo mkubwa ikakaa pale pa vikombe. Kumbe ile wanayoiita leo kubadilisha matumizi ya fenicha, watu walishaifanya ili waone mpira.

Baadaye zikaja fenicha za maboksi: mbao za unga zilizoshindiliwa kwa gundi na kubandikwa karatasi laini juu. Nyepesi, zinang'aa, zinapanda kilima bila matusi. Ghafla kabati la mninga likaonekana la kishamba. Mengine yakashushwa jikoni, mengine yakatolewa nje kufugia kuku, mengine yakapasuliwa kuni.

Ila mji huu una mto. Mirongo ukifurika, maji yanaingia kwenye nyumba za bondeni bila kubisha hodi. Mbao ya unga ikilowa inavimba kama andazi, na ikishavimba hairudi. Mninga ukilowa unauanika kivulini, unakauka, maisha yanaendelea. Mafuriko yamewafundisha watu tofauti ya samani kuliko tangazo lolote.

Na Wazungu nao walianzia shida

Hapa kuna kitu watu wengi hawakijui. Hata kule kunakosifiwa ubunifu, mambo yalianza kwa kukosa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Uingereza iliishiwa mbao. Kuanzia mwaka 1942 serikali ikabana utengenezaji wa fenicha, zikaruhusiwa dizaini chache tu rahisi, na waliopewa kipaumbele ni maharusi wapya na waliobomolewa nyumba kwa mabomu. Mpango huo ulidumu mpaka 1952. Wengine wote waliambiwa watengeneze walichonacho.

Miaka ilipopita na watu wakapata nafasi, kilekile kilichokuwa cha shida kikawa cha fasheni. Mwaka 1990 mwanamama mmoja wa Uingereza, Annie Sloan, akatoa rangi yake ya chaki, rangi isiyong'aa inayokamata kwenye mbao bila kazi kubwa ya msasa. Ikapendwa, ikaingia vitabuni, kisha Pinterest, kisha kwenye simu yako. Ndiyo safari yenyewe: shida, halafu kumbukumbu, halafu mtindo.

Ugomvi wa mjukuu na fundi

Leo ukipita kwenye karakana yoyote ya pembeni ya barabara Mwanza, ugomvi ni huu. Anakuja mjukuu, kapanga chumba, kapewa kabati la bibi bure. Anataka jeupe kabisa, na vishikio vya dhahabu. Fundi mzee anakwaruza kona kwa patasi, anaona michirizi ya dhahabu chini ya bluu ya zamani, anatikisa kichwa. "Mayu, hii ni mninga. Unataka nifunike?"

Wote wawili wana hoja. Mninga mkubwa huchukua miongo mingi kukua, na ukataji umepunguza miti minene. Mbao nyingi za bei nafuu sasa ni msindano, kama ule unaopandwa kwenye mashamba ya serikali ya Rubya kule Ukerewe na Buhindi upande wa Buchosa. Kwa hiyo anayefunika mninga kwa rangi nyeupe anafunika kitu ambacho kesho hatakipata kwa bei ile.

Lakini mjukuu naye si mjinga. Kabati hilo lilikuwa linaelekea kuwa banda la kuku. Yeye ndiye aliyelitaka. Kama rangi nyeupe ndiyo itakayolifanya likae sebuleni miaka 30 mingine, basi rangi imeliokoa. Mbao iliyofunikwa inaweza kufunuliwa siku moja. Iliyopasuliwa kuni imekwisha.

Njia ya kati ipo. Kwaruza sehemu iliyofichika kwanza. Kama ni mbao moja nzima na nzuri, rudisha vanishi. Kama ni viraka, plaiwudi na msindano, paka rangi bila kuomba radhi. Na kama ni mchanganyiko, paka mwili na uache juu au milango ionyeshe mbao.

Ukiamua kupaka, usiruke hatua. Kwanza osha kwa maji ya sabuni, kwa sababu kabati la jikoni limekunywa moshi na mafuta, na rangi haishiki juu ya mafuta. Acha likauke kabisa. Ziba mashimo kwa puti. Kama mbao ina asili ya wekundu na unataka rangi nyeupe, anza na koti la kuzuia, la sivyo ule wekundu utapanda juu na kabati litatoka la pinki. Makoti mawili membamba yanazidi koti moja zito. Na kwa watu wa ziwani: usipake jioni ukiwa umewasha taa. Wale wadudu wadogo wa ziwani wakiiona taa na rangi mbichi, asubuhi utakuta kabati lina ndevu.

Vumbi ambalo video hazisemi

Sasa sehemu ya kusoma taratibu. Zile video zinaonyesha mtu anapiga msasa huku mtoto anacheza pembeni. Inapendeza kwenye kioo. Kwenye kabati la zamani inaweza kuwa hatari.

Kwa miaka mingi rangi za mafuta zilichanganywa madini ya risasi, ili zikauke haraka na ziwe na rangi kali, hasa njano, nyekundu na zinazofanana nazo. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo za nyumbani mwaka 1978. Kwetu ziliendelea kuuzwa muda mrefu baadaye, na vipimo vilivyofanywa mwaka 2009 vilikuta risasi nyingi kwenye rangi za mafuta zilizokuwa madukani Tanzania. Umoja wa Mataifa unapendekeza isizidi sehemu 90 kwa kila milioni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Inaathiri ubongo unaokua, na madhara hayarudi nyuma.

Risasi iliyolala chini ya rangi nzima haina haraka. Shida ni pale unapoisugua kavu ikawa vumbi, vumbi likatua sakafuni, mtoto akatambaa, akaweka mkono mdomoni. Huwezi kuijua kwa macho wala kwa harufu.

Kwa hiyo rangi ya zamani ichukulie kuwa na risasi mpaka ithibitike vinginevyo. Fanya kazi nje, mbali na watoto na mama wajawazito. Tumia msasa wa maji, lowesha kabla ya kusugua. Usichome rangi kwa moto. Vaa barakoa inayozuia vumbi jembamba, maana kitambaa cha kufunga puani hakitoshi. Futa kwa tambara bichi badala ya kufagia, na badilisha nguo kabla ya kumbeba mtoto. Kama rangi ya zamani imeshika vizuri na haibanduki, osha, ikwaruze kidogo ikiwa imelowa, kisha paka juu yake. Huna sababu ya kuifukua yote. Na rangi mpya, ukiweza, chukua ya maji iliyoandikwa haina risasi.

Kinachobaki chini

Kabati lililoishi miaka 60 kilimani lina tabaka kama jiwe. Chini kabisa polishi ya wakati wa pamba. Juu yake bluu ya miaka ya foleni. Kisha kahawia ya wakati wa Ruksa, na tundu la waya wa televisheni. Sasa inakuja nyeupe ya mjukuu. Hakuna kitabu cha historia kilichoandika sebule za Mabatini, na wengi wa waliozipanga hawakuacha picha. Tabaka hizo ndizo maandishi yao.

Kabla ya kufungua kopo, piga picha lilivyo. Mpigie simu bibi kama bado yupo, muulize nani alilinunua, mwaka gani, na vijana gani walilipandisha. Andika majibu kwa penseli nyuma ya kabati, mahali brashi haifiki. Halafu paka rangi unayoitaka.